Mwalimu Aliyeliona Tundu

Hasira yangu haijaisha, na sioni kwa nini niifiche. Hapa Sumbawanga bado wapo watu wanaopunguza sauti wakimtaja Mwalimu, kana kwamba wanamtaja mtu aliyeepuka jela kwa bahati. Ndiyo maana naandika. Jina lake siliweki kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwatajwa, na sisi tuliopita mikononi mwake tulimwita Mwalimu, basi. Alikozaliwa na ukoo wake wanajua wa kwao. Mimi nitasema niliyoyaona.

Alifundisha kuandika mikataba ya kompyuta, ile ambayo vijana wa mjini huiita mikataba janja. Ni programu fupi inayowekwa kwenye blokcheni, yaani kumbukumbu moja inayotunzwa na kompyuta nyingi duniani kwa pamoja, kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuifuta. Programu ikishaingia humo, inafanya ilichoandikiwa. Ukitimiza sharti, inatoa. Usipotimiza, haitoi. Haimjui karani wala mkubwa.

Neno "janja" lilimkera. "Mkataba hauna ujanja wowote," alikuwa akisema. "Ni mjinga kuliko mbuzi. Unafanya ulichoandika, haufanyi ulichokusudia. Mjanja ni yule atakayekuja kuusoma baada yako."

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja mtaa wa Malangali, nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa tulipiga kelele ili tusikilizane, na unga uliingia kila mahali, kwenye vitabu, kwenye nywele, katikati ya vitufe. Alizifunika kompyuta kwa kanga zake mwenyewe. Kipindi cha baridi upepo ulipita chini ya mlango na tulichapa tukiwa na makoti, vidole vimekauka. Mimi nilikuwa fundi simu karibu na soko; nilikwenda kwake kila Jumamosi mchana baada ya kumwachia mwenzangu kibanda. Kalisti, aliyekaa kiti cha pembeni yangu, alikuwa amemaliza chuo na hajapata kazi. Wengine walikuja na kuondoka, kwa sababu Mwalimu hakuwa mtu wa kubembeleza.

Hakuruhusu mtu aguse kompyuta kabla hajasimama na kueleza kwa Kiswahili, kwa sauti, mkataba wake unamuahidi nani kitu gani, na nani anaweza kuuvunja. Ukisema "hakuna anayeweza kuuvunja," ulikaa chini. Siku hiyo huandiki.

Alipokwisha kukubali maelezo yetu, ndipo lilipokuja zoezi alilolipenda kuliko yote. Aliligawa darasa sehemu mbili. Nusu waliandika mkataba, nusu wakaambiwa wauibie. Aliyeiba vizuri alisifiwa kuliko aliyeandika vizuri. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba mama yule anafundisha wizi. Aliwajibu kwamba anafundisha kufuli, na kufuli hufundishwa kwa kulijaribu. Maneno hayo yalikuja kumrudia vibaya, nitafika huko.

Nakumbuka alivyotufundisha kosa kubwa kuliko yote. Alileta sahani ya karanga za kukaanga, akaiweka mbele ya Kalisti, kisha akaandika jina langu ubaoni.

"Wewe ndiwe mkataba," akamwambia. "Huyu fundi simu ameweka kwako karanga tano. Zilizobaki ni za wenzake. Akiomba zake, mpe, kisha ufute jina lake."

Kalisti akanipa karanga tano. Alipoinua kalamu alifute jina langu kwa mstari, Mwalimu akaniambia, "Omba tena. Sasa hivi, kabla hajafuta."

Nikaomba. Kalisti akatazama ubao, jina langu bado lipo, akanipa tano nyingine. Akainua kalamu. Nikaomba. Darasa lilicheka mpaka mwenye mashine akachungulia. Sahani ikabaki maganda, na ubaoni jina langu lilikuwa halijafutwa hata mara moja.

Mwalimu peke yake hakucheka. "Kule kwenye blokcheni anayepokea anaweza asiwe mtu," alisema. "Anaweza kuwa mkataba mwingine, na huo ukipokea tu unagonga tena papo hapo, kabla wa kwanza haujashika kalamu. Kwa hiyo hakikisha, futa, ndipo utoe. Ukitoa kabla ya kufuta, umewapa watu karanga za wenzao."

Alikuwa mkali pia kwa upande wa ubadhirifu. Kila hatua ya mkataba ina ada yake, nasi tuliiita gesi, na anayeilipa ni mtumiaji. Alisimama nyuma yako, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza, "Huu unalipiwa na nani?" Siku moja Kalisti aliandika mkataba wa kikundi cha akiba ambao, kila mtu alipotaka kuchukua chake, ulipitia majina ya wanachama wote kuanzia wa kwanza. Kwenye majaribio, wanachama wakiwa wachache, ulikwenda vizuri sana, na Kalisti akajipigia makofi.

"Kikundi kikikua?" Mwalimu akamuuliza.

"Utaendelea kupitia majina, Mwalimu."

"Gesi itapanda mpaka igonge kikomo kinachoruhusiwa, mkataba utakwama, na mali ya watu itabaki ndani bila mtu wa kuitoa. Hujawaibia. Umewazika wakiwa hai. Kila mtu atafutwe kwa jina lake, moja kwa moja. Anza upya."

Alianza upya. Sisi wengine tulitazama meza.

Lakini mwanamke huyohuyo, aliyeona mwizi nyuma ya kila mstari, hakufunga mlango wa nyumba yake mchana. Namba ya siri ya simu yake tuliijua darasa zima, maana alikuwa akimenya viazi na kuagiza yeyote aliye karibu aifungue amsomee ujumbe. Alihesabu gesi hadi tone la mwisho, ila sukari aliimwaga kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Alitudharau tulionakili programu za watu mtandaoni bila kuzielewa, na wakati huohuo hakukubali ubuni ulinzi wako mwenyewe. "Chukua ule ambao wezi wengi wameugonga ukawakatalia," alisema. "Wewe ni nani hata uchonge kufuli jipya kwa mali ya watu?" Na hakuona haya kusema "sijui." Akisema hivyo alikwenda kusoma, na Jumamosi iliyofuata alirudi na jibu.

Sikumpenda kila siku. Kulikuwa na binti mmoja kutoka kijiji cha Kate, mwerevu sana, aliyeacha darasa kwa sababu Mwalimu alimwambia mbele ya wote kwamba mkataba wake ni chandarua kilichooza. Nilipomwambia kwamba amemuumiza mtoto wa watu, alinijibu, "Afadhali nimuumize mimi kuliko mwizi." Bado naona alikosea. Naliweka hapa ili mtu asidhani nasimulia habari za malaika.

Basi ikaja kampuni. Ilitoka mbali, ikapanga ofisi mjini, ikakubaliana na chama cha wakulima chenye wanachama kuanzia Pito mpaka Kate. Mkulima akipeleka mahindi ghalani, badala ya stakabadhi ya karatasi atapata tokeni kwenye simu. Tokeni zitatunzwa ndani ya mkataba mmoja kwenye blokcheni, kila mtu na magunia yake, na akitaka kuuza atazitoa na kumpa mnunuzi hata aliye mkoa mwingine. Mwenye tokeni ndiye mwenye mahindi, na ghala litamfungulia yeye. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mwalimu alilipenda, na nasema hivi kwa sababu baadaye walidai alilionea wivu.

Mhandisi wa kampuni, kijana mstaarabu aliyevaa saa kubwa, sisi tulimwita Injinia. Siku chache kabla ya uzinduzi alikuja darasani kwetu akamuomba Mwalimu aupitie mkataba. Nadhani alitaka kusema kwenye uzinduzi kwamba umekaguliwa na mtaalamu wa hapahapa. Mwalimu aliusoma siku nzima. Alipomaliza alimwita, mimi na Kalisti tukiwapo.

"Unatoa kabla ya kufuta," alimwambia. "Hapa, kwenye kutoa tokeni. Mtu mwenye gunia moja anaweza kuondoka na ghala."

Injinia aliinama, akasoma. Nilimwona usoni kwamba ameelewa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo: alielewa.

"Na hapa," Mwalimu akaendelea, "ufunguo wa kusimamisha mkataba ukitokea wizi uko kwa mkurugenzi wenu peke yake. Akilala, akisafiri, akipoteza simu, nani atasimamisha? Wekeni watu kadhaa, na wawili wakikubaliana itoshe."

"Mwalimu, hoja zako nzuri," Injinia akasema. "Tutazirekebisha toleo lijalo. Wageni wameshaalikwa."

"Hakuna toleo lijalo. Huu haukuachiwa njia ya kurekebishwa. Ukiuweka, umekwenda. Badilisha mistari miwili, jaribu tena, ahirisha sherehe."

"Hilo haliko mikononi mwangu."

"Liko mikononi mwa nani?"

Injinia alichukua kompyuta yake akaaga vizuri sana. Mwalimu alimpigia mkurugenzi, simu ikapokelewa na katibu wake. Akampigia tena. Katibu akamwambia aache usumbufu.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa chama ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Kulikuwa na ngoma, soda, na fulana za bure. Mwenyekiti wa chama, mzee mwenye mashamba makubwa na sauti ya kuzoea kusikilizwa, aliwasifu wageni. Mwalimu alinyoosha mkono. Alipopewa nafasi kwa shingo upande, hakutumia neno gumu hata moja.

"Ndugu zangu, msiweke mahindi yenu humu mpaka watengeneze. Kuna tundu. Mtu anaweza kuchukua chake, akarudi kuchukua chenu kabla mlinzi hajageuka. Nimewaonyesha wenye mkataba. Waulizeni."

Injinia alikuwa amekaa meza kuu, mbele ya macho ya kila mtu, akitazama simu yake.

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema, "maendeleo yakija kwetu ndipo tunatafuta visingizio. Kaa chini, mama."

Watu walicheka. Baadhi walizomea. Mwalimu akakaa. Wengi wa waliocheka walipeleka mahindi yao msimu huo.

Wizi ulitokea mavuno yakiwa yameshajaa ghalani. Mtu asiyejulikana alinunua tokeni chache kwa njia halali, akaziweka kwenye mkataba, kisha akazitoa kwa kugonga na kugonga tena, kama mimi na zile karanga, hadi mkataba ukabaki mtupu. Zote akamuuzia mfanyabiashara wa mkoa mwingine ambaye hakujua lolote. Malori yakaja na tokeni halali, ghala likafunguliwa kama mkataba ulivyotaka, mahindi yakapanda malori. Wakulima waliona wakiwa wamesimama. Mkurugenzi mwenye ufunguo wa kusimamisha alikuwa safarini, simu imezimwa. Mama mmoja wa Kate, ambaye binti yake ndiye yule aliyeacha darasa, aliishika simu yake akiwauliza wapita njia kama imeharibika, kwa kuwa inaonyesha sifuri.

Chama kiliita mkutano ukumbi uleule. Nilidhani wanamwita Mwalimu wamsikilize sasa. Mwenyekiti alisimama, akazungusha macho, akasema:

"Tundu hili nani alilijua? Nawauliza nyinyi. Nani alisimama hapa akalitaja? Nani anawafundisha watoto wetu kuiba kwa kompyuta kila Jumamosi? Mwizi tunaye, kakaa pale!"

Niliruka juu nikapiga kelele kwamba Injinia naye alilijua, aulizwe, aseme alivyoambiwa. Injinia alikuwapo. Aliulizwa. Akajibu kwamba Mwalimu alitoa "maoni ya jumla." Maoni ya jumla! Mimi nilikuwapo, Kalisti alikuwapo, kidole cha Mwalimu kilikuwa juu ya mstari! Watu wawili wakanishika mabega wakanikalisha.

Polisi walimchukua Mwalimu kutoka ukumbini. Kompyuta zake zilibebwa kutoka darasani, zile kanga zikaachwa sakafuni. Kabla ya juma kwisha, mwenye mashine alikuwa ametuma mtu kudai arudishiwe chumba chake, wazazi wamewatoa watoto wao, na majirani waliokuwa wakiingia kwake kuchota chumvi bila kubisha hodi wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Mimi na Kalisti tulifanya alichotufundisha. Tulisoma. Blokcheni haifichi nyendo: anwani ya mwizi, yaani namba ndefu ya akaunti isiyo na jina, ilikuwa wazi kwa yeyote duniani, na kila sehemu ya malipo ya mahindi iliyohamishwa ilionekana pamoja na saa yake. Tulikaa tukaifuatilia, kisha tukaenda kwa askari mpelelezi tukamwonyesha kwenye simu. Alikuwa mtu wa kuuliza polepole.

"Hii ni mali inahama?" aliuliza.

"Ndiyo, afande. Kwa anwani ileile iliyoiba."

"Na hii ni saa ya jana?"

"Jana mchana."

"Mwalimu wenu jana mchana alikuwa kwangu. Hana simu." Akaitazama tena. "Kwa hiyo anayehamisha yuko nje, na huyu yuko ndani."

Mwalimu aliachiwa. Kompyuta zilirudi, moja ikiwa na kioo kilichopasuka. Kampuni ilifunga ofisi na Injinia akaondoka na saa yake. Mahindi hayakurudi. Na hapa ndipo ninapotaka mtu anisaidie kuelewa: kati ya watu wote waliozomea, hakuna aliyekwenda kwake kusema samahani. Waliacha tu kuongea. Walidhani kunyamaza kunatosha, kama vile ni wao waliomsamehe.

Darasa lilifunguliwa upya, tukiwa sita, kisha wanne. Somo la kwanza alilofundisha lilikuwa ule mkataba wenyewe, mstari kwa mstari. Nilimuuliza mbele ya wenzangu kama hana hasira.

"Ninayo," alisema. "Ila leo tunarekebisha kinachorekebishika. Nani ataniambia kalamu ishikwe wapi?"

Niliudhika naye pia. Nilitaka apige kelele, aende mahakamani, angalau amtukane mtu. Yeye alihamia shambani kwake Pito, akalima ulezi, na mjini akabaki kuja Jumamosi tu.

Nilimtembelea huko wakati wa kuvuna. Alikuwa akikata masuke kwa kisu kidogo, akanipa kisu kingine bila kuuliza nimekuja kufanya nini. Hatujafika mbali, Mwenyekiti akatokea kwenye njia ya shamba, amebeba kuku.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Nzuri, Mwenyekiti. Karibu."

Alizunguka kidogo, akasifia ulezi, akasema mvua zilikuwa nzuri. Mwishowe akatoa la moyoni. Wanunuzi wa mbali bado wanataka stakabadhi za simu. Chama kimekaa, kimeona kitengeneze mkataba wake chenyewe, na hakuna mwingine wanayemwamini. Alisema hivyo hasa, wanayemwamini.

"Nitauandika," Mwalimu akasema, akiendelea kukata. "Kwanza uniambie. Uliniita mwizi wapi?"

Mwenyekiti akamhamisha kuku mkono wa pili. "Mwalimu, yale tuyaache. Mimi nimekuja hapa kwako mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Nimeona. Asante. Uliniita mwizi wapi?"

"Ukumbini."

"Basi nenda ukaseme ukumbini."

"Watu watanionaje?"

Hapo aliacha kukata. Alinyooka, akamtazama mzee yule usoni.

"Watakuona kama walivyoniona mimi."

Nilidhani Mwenyekiti ataondoka. Alimshika vizuri kuku aliyekuwa akipapatika. Halafu akauliza, "Lini?"

"Siku itakayojaa watu kama ile."

Siku ilifika, ukumbi ukajaa. Nilikuwapo, na Kalisti alikuwapo. Mwenyekiti alipitia ajenda zote, mbolea, michango, barabara ya ghalani, na la Mwalimu akaliacha mwisho, watu wakianza kukusanya mifuko yao. Alilisema haraka, ameinamia meza, kwamba kama kuna mtu alikwazika na maneno ya mkutano uliopita basi chama kinasikitika. Akafunga faili.

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, wa nyuma hawajasikia."

Mifuko ikatulia. Mzee akasema tena, safari hii akimtazama: "Nilimwita Mwalimu mwizi. Hakuwa mwizi. Alituonya, tukamcheka."

Mwalimu hakukaa. Aliuliza bila kugeuka, "Wa nyuma, mmesikia?"

Kutoka karibu na mlango ikajibu sauti ya yule mama wa Kate, wa simu iliyoonyesha sifuri.

"Bado, Mwalimu."

Alikuwa amesikia. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Mwenyekiti akavua kofia, akaiweka mezani, akaanza upya.